Chai ya Staa Yamwangusha Bi Harusi Mtarajiwa wa Mwanga, Kumbe Hesabu Ilikuwa Jikoni kwa Mama

Kuna staa mmoja wa kike pale Dar, jina kapuni, aliwahi kushika mitandao wiki nzima kwa picha mbili tu. Ya kushoto amejaa, dera limembana, usoni hana hata poda. Ya kulia kiuno cha nyigu, taa nzuri, meno yote nje. Chini yake kaandika: kilo 10 ndani ya siku 14, chai tu, hakuna tizi, hakuna kujinyima. Boksi moja elfu sitini, namba ya kulipia hiyo hapo, mikoani linatumwa kwa basi.

Laiki zikamiminika. Na boksi likafika mpaka Kigoma.

Lilifika kwa binti mmoja wa Mwanga, miaka 24, ana kibanda cha kuweka na kutoa pesa karibu na soko. Jina lake nalo kapuni, maana ndoa yake bado changa na ana wakwe wanaoperuzi mitandao kuliko yeye. Wakati huo alikuwa na kilo 82, harusi imebaki miezi mitatu, na fundi alikuwa ameshapewa kitambaa cha gauni. Vipimo alivyompa fundi havikuwa vya mwili wake. Vilikuwa vya mwili alioahidiwa kwenye boksi.

Siku ya kwanza ya chai alienda chooni mara nne. Siku ya tatu mara sita. Akafurahi, akijua ndo mafuta yanatoka. Msosi ukawa tango na yai moja, kwa sababu staa aliwahi kuandika kwenye posti nyingine kwamba ugali ni adui wa shepu. Siku ya kumi na moja akapanda mizani ya yule kijana anayepima watu uzito barabarani, ikasoma 78. Akaipiga picha, akaweka status, dua na pongezi zikamwagika.

Siku ya kumi na tatu akiwa amesimama kwa fundi anajaribu gauni, macho yakaingia giza. Akaangukia cherehani. Mpaka leo ana alama juu ya nyusi, na siku ya harusi mpambaji alihangaika kuificha kwa podari.

Nesi aliyempokea hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Mdogo wangu, tangu jana umekula nini?" Binti akashindwa kujibu, machozi yakajibu. Akatundikiwa dripu, akapewa na pakiti za maji ya chumvichumvi za kuchanganya nyumbani. Wiki moja baadaye, anakula kama kawaida, mizani ikasoma 82 ileile. Elfu sitini ilikuwa imeenda na maji ya chooni.

HESABU INAYOMUUMBUA STAA

Hebu tulia, mdau, chukua kikokotoo cha simu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, kama vile lita ni kipimo cha mafuta ya bodaboda. Ukila zaidi ya unavyotumia, mwili unaweka akiba. Ukila pungufu, unachota kwenye akiba. Hakuna uchawi wa tatu.

Sasa, kilo 10 za mafuta ni kalori 77,000. Gawanya kwa siku 14, unapata 5,500 kwa siku. Mwanamke wa kawaida kwa siku nzima anatumia kama 2,000, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na mwili na kazi zake. Maana yake ni kwamba hata huyo staa angefunga mdomo siku 14, asile punje, asinywe chochote ila maji, bado asingetoa kilo 10 za mafuta. Asingefika hata nusu.

Kwa hiyo kilichotoka ni nini? Maji. Nyingi ya hizi chai zina majani ya sena ndani yake, na sena ni dawa ya kulainisha choo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula ulichokula ilishanyonywa zamani huko juu kwenye utumbo mdogo. Kalori zimeshaingia, wewe unamwaga maji na madini ya chumvi kama potasiamu, ambayo moyo unayahitaji ili udunde sawasawa. Ndo maana mtu anaanguka.

Na hiyo ni chai ya kistaarabu. Duniani zimeshakamatwa bidhaa za kukondesha zinazojiita za asili zikiwa zimetiwa kimyakimya sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Dawa halali hapa Tanzania inasajiliwa na TMDA. Boksi la staa lina namba ya kulipia na picha ya staa.

Staa hana shida na hilo. Analipwa kwa posti, ana mpishi, ana mwalimu wa mazoezi, ana mtu wa kumpiga picha upande mzuri. Akiamka kesho anatangaza sabuni. Anayebaki na kovu juu ya nyusi ni binti wa Mwanga.

SIMU HAIJUI SOMBE

Baada ya dripu, binti hakukata tamaa. Nesi alimwambia kitu ambacho hakuna staa aliyewahi kumwambia: kula, ila ujue unakula nini. Akashusha programu ya kuhesabu kalori kwenye simu. Hapo napo pakawa na mtihani. Akiandika sombe, simu inaguna. Akiandika migebuka, hakuna kitu. Akiandika ugali, inamletea uji wa mahindi wa watu wa Marekani. Akajaza parachichi na yai, vingine akaruka. Jioni simu ikamwambia amekula kalori 600 tu, hongera. Wakati ameshiba hadi anahema.

Hapa ndipo vijana wengi wa mjini wanapokwama. Wanahesabu vile simu inavyovijua, wanaacha vile wanavyokula kweli. Na wengine wanafanya kinyume, wanaanza kula vile simu inavyovijua. Utamkuta mtu yuko Kigoma, mita chache kutoka ziwani, anaulizia samaki wa kopo kwa sababu ndo aliyeko kwenye ratiba ya staa. Migebuka wa kuchoma wamejaa Kibirizi wanamtazama.

Dawa ya hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usihesabu chakula kikiwa sahanani. Hesabu kabla hakijaingia chunguni.

Unga mkavu, uwe wa mahindi au wa muhogo, gramu 100 ni kalori kama 350. Ugali ukiwa laini au mgumu, maji hayana kalori, kinachohesabika ni unga. Ukisonga ugali wa robo kilo ukaumaliza peke yako, umekula kama 900. Mchele mkavu ni kama 350 kwa gramu 100, maharage makavu hayako mbali na hapo. Soda ya chupa ya kioo ya mililita 350 ni kama 140. Sukari kijiko kimoja cha chai ni 16, na kuna watu wanatia vinne kwenye kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Piga mwenyewe.

Dagaa wakavu ni utajiri ambao Kigoma inauchukulia poa. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, ile inayokushibisha muda mrefu na kulinda misuli wakati unapungua. Na kwa kuwa unawala na mifupa yao, unapata na kalisiamu. Staa analipa pesa nyingi kupata protini ya unga ya kopo. Wewe unaipata kwa sado sokoni.

Anayetaka kuchimba zaidi, kuna jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na shule ya afya ya jamii ya Harvard. Lipo bure kwenye intaneti, limeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake kuna vyakula vya huku, hadi vya kupikwa.

Lakini vyote hivyo ni vidogo mbele ya kitu kimoja. Mafuta.

"KUPIMA MAFUTA? KWANI TUNAUZA?"

Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe ya alizeti, yawe mawese, ni kalori kama 120. Na Kigoma ndo mkoa unaoongoza kwa mawese nchi hii, kwa hiyo hakuna anayepima. Yanamiminwa tu mpaka rangi ipendeze.

Binti akaenda jikoni na kikombe. "Mama, shikamoo. Naomba leo nipime mafuta kabla hujamimina."

"Marahaba. Kupima mafuta? Kwani tunauza?"

Wakapima. Sombe ya watu watano, mama alizoea kuimiminia mawese ya kama robo lita. Robo lita ya mafuta ni kalori kama 2,000. Gawa kwa watano, kila mmoja anakula 400 za mafuta tu, kabla hajagusa ugali, kabla ya kisamvu chenyewe, kabla ya samaki. Simu ya binti ilikuwa haioni hata moja kati ya hizo.

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Sasa mwanangu, sombe bila mawese si majani ya mbuzi?"

Na mama ana hoja. Mawese mekundu yana vitamini A, yana ladha, na ndo chakula cha nyumbani. Anayekwambia yaache kabisa hajui anachosema, na hutamaliza wiki mbili bila kurudi kwa hasira. Hoja ni kipimo. Wakakubaliana nusu ya yale ya zamani, kisha wakaongeza nyanya, kitunguu, pilipili na dagaa wa kusaga. Baba wa nyumba akalalamika siku tatu, ya nne akasahau. Kila mtu pale ndani akawa amepunguza kalori 200 kwa mlo bila kupunguza hata tonge moja.

Ila kulikuwa na neno lingine ambalo mama alikuwa hajalisema. Alilisema siku hiyo wakichambua mboga. "Ukikonda hivi, mtaani wataniuliza unaumwa nini. Wataniuliza mimi, sio wewe." Hilo lisichukuliwe kirahisi. Watu wa umri wa mama yule wameona miaka ambayo mtu akikonda, watu walianza kunong'ona, na baada ya miezi kadhaa walikwenda kumzika. Kwao mwili ni ushahidi kwamba nyumba ina chakula na mtoto ni mzima. Binti akija na mizani jikoni, mama anasikia kwamba chakula chake kimekuwa sumu.

Kwa hiyo ushauri wa bure kwa kila anayeanza: usifike nyumbani kwa kiburi cha mtandaoni ukaanza kuwatangazia wazazi kwamba wanakuua. Pika wewe. Pima wewe. Mwombe mama akufundishe kupika vilevile kwa mafuta nusu. Yule mama wa Mwanga ana presha, na sasa hivi anamimina kwa upawa mmoja hata binti akiwa hayupo.

KAKA MTU NA SODA MBILI

Binti ana kaka yake, mtoto wa mama mkubwa, dereva bodaboda wa Ujiji. Kilo 94, kitambi kimetangulia usukani. Aliposikia habari za mdogo wake akacheka sana, akasema haya mambo ya kupima vijiko ni ya kike, mwanaume anatoa kitambi kwa jasho.

Asubuhi yake akavaa raba za mitumba, akatoka Ujiji mbio kuelekea Mwanga. Mbio kweli, kama anafukuzwa. Hakufika mbali. Mapafu yakawaka moto, akatembea, akaona aibu maana abiria wake wanampita, akakimbia tena. Kesho yake mifupa ya mbele ya miguu, kati ya goti na kifundo, ilimuuma hata kukanyaga gia. Akapumzika siku kumi. Kitambi nacho kikapumzika.

Alivyorudi, akaenda mwendo wa kilomita tatu, akafika kijiweni kashinda. Akaagiza soda mbili za baridi, kujipongeza.

Sasa rudi kwenye kikokotoo. Kukimbia kunachoma kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kaka mtu ana kilo 94, kilomita tatu, ni kama 280. Soda moja 140, soda mbili 280. Akajikuta pale pale alipolala jana. Na siku aliyoongeza chipsi, akawa amenenepa kwa kukimbia.

Hili ndo jambo ambalo kurasa nyingi za mazoezi haziwaambii watu, kwa sababu halina picha nzuri. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita tano nzima anachoma kama 350. Hiyo ni vijiko vitatu vya mezani vya mawese. Jasho la dakika arobaini linarudishwa na mkono wa mpishi kwa sekunde tatu. Uzito unapungua zaidi jikoni. Mbio zina kazi nyingine, nayo ni kubwa: moyo, presha, sukari, usingizi, kichwa kutulia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, au 75 za mazoezi makali. Mtu asikimbie ili apate ruhusa ya kula. Akimbie kwa sababu anataka kupanda ule mlima wa kutoka Stesheni hadi Mwanga akiwa na miaka 50 bila kusimama chini ya kila mwembe.

JINSI YA KUANZA BILA KUUMIA

Kaka mtu sasa anakimbia, na hivi ndivyo alivyofika.

Wiki mbili za mwanzo hakukimbia. Alitembea haraka nusu saa, mara nne kwa wiki, baada ya swala ya alfajiri kabla hajawasha pikipiki. Halafu akaingia kwenye mtindo wa kuchanganya: dakika tano kutembea, kisha sekunde 60 kukimbia polepole, sekunde 90 kutembea, anarudia mpaka dakika 20 ziishe. Mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kila wiki anaongeza kidogo muda wa kukimbia. Ratiba hiyo ya wiki tisa iliwekwa hadharani mwaka 1996 na Mmarekani mmoja, Josh Clark, na imewasaidia watu wengi duniani walioanza wakiwa hawawezi hata kufukuza daladala. Yeye ilimchukua wiki kumi na tatu kwa sababu ya malaria na misiba. Hakuna aliyemdai.

Polepole ni polepole kweli. Kipimo ni mdomo: ukikimbia uweze kuongea sentensi nzima na mwenzako. Ukishindwa, umezidisha. Kama mtu anayetembea haraka anakupita, mwache apite.

Mahali pa kuanzia ni tambarare. Uwanja wa mpira wa kawaida ukiuzunguka mara tatu pembeni kabisa ni kama kilomita moja. Mlima wa Lumumba uache mpaka miezi miwili ipite. Mchanga wa ufukweni unapendeza kwenye picha, lakini ule laini unavuta kifundo na mshipa wa kisigino cha mtu ambaye hajazoea. Kimbia pale penye unyevu na pagumu, au baki barabarani. Siku ukishaweza, toka Mwanga nenda Ujiji ukageuzie kwenye mnara wa Livingstone. Pale Stanley alimkuta mzee wa watu mwaka 1871 akiwa amedhoofu, wewe utafika ukiwa unahema kwa raha.

Raba za mitumba hazina ubaya, ila zikague. Zikunje: zivunjike pale vidole vinapokunjika, sio katikati ya unyayo. Bonyeza soli kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama ubao achana nayo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole. Kwa akina dada, sidiria ya michezo inayobana vizuri ni muhimu kama viatu, na stara haizuii mbio: gauni refu jepesi juu ya suruali, hijabu ya kitambaa kinachopitisha hewa, mtu anakwenda.

Ukiwa na homa, usikimbie. Mwenye presha, kisukari au matatizo ya moyo aonane na daktari kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze kupunguza chakula. Na mwanamke asijishushe chini ya kalori 1,200 kwa siku bila kusimamiwa na mtaalamu. Ukipunguza 300 mpaka 500 kwa siku kutoka kwenye kawaida yako, utatoa kama robo hadi nusu kilo kwa wiki. Ni kidogo, haina picha ya kuposti. Lakini inakaa.

Mizani nayo ina adabu zake. Panda mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, umeshatoka chooni, hujala. Uzito unaweza kuruka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji na chumvi tu, na akina dada wanajua siku zao zinavyofanya. Futi ya fundi kiunoni mara nyingi inasema ukweli mapema kuliko mizani.

WENYE MIDOMO

Kuna kundi moja la kulaumiwa kuliko staa, nalo ni watazamaji. Binti alipoanguka, kuna walioandika kwenye status zao "bonge kashindwa chai". Alipoanza kutembea alfajiri, kuna vijana wa kijiweni waliomwimbia. Alipopungua, hao hao wakasema kaloga mtu au kaugua. Watu hao hao wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi wana visukari. Mtu akitaka kutembea barabarani bila kuzomewa, hiyo nayo ni dawa, na haiuzwi kwa boksi.

Halafu lisemwe na hili: si kila mnene anaumwa, na si kila anayetaka kupungua anajichukia. Binti yule hakuhitaji kupungua ili aolewe. Mwenye kumuoa alikuwa ameshatoa mahari akiwa na kilo 82. Lakini ni mwili wake, alitaka, na alistahili kuambiwa ukweli na mtu ambaye hamuuzii kitu.

Siku ya harusi mizani ilikuwa inasoma 77 na nusu. Wiki kumi, kilo nne na nusu. Fundi alilazimika kufumua gauni pande zote mbili na kuongeza kitambaa, akalipwa elfu kumi na tano ya ziada, akanung'unika. Ukumbini hakuna aliyeona mshono. Binti alicheza mpaka mwisho, na alikula sombe ya mama yake, sahani mbili, hakupima.

Staa naye wiki hiyo alikuwa na posti mpya. Siyo chai tena, sasa ni matone ya kulamba chini ya ulimi. Elfu themanini.

Wewe je, ulishawahi kunywa hizo chai? Na nyumbani kwenu sombe inaingia mawese kiasi gani? Nenda kapime leo, usikadirie, halafu dondosha komenti yako hapo chini. Matusi kwa staa hayahitajika, hesabu inamtosha.